Aliyewasha Indiketa Kila Kona

Ndugu, majirani, wanafunzi wa zamani, na nyote mliokosa viti mkasimama mpaka nje ya geti: huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Alizaliwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa geti na mama yake alifua nguo za watu. Jina alilopewa na wazazi liko kwenye jalada la kijitabu mlichoshika. Wengi wenu mlipolisoma mliulizana ni nani, na hamna kosa, kwa sababu dunia ilimjua kwa majina mawili tu. Mjini aliitwa Mwalimu. Na kwa rafiki zake wa Jumamosi aliitwa Indiketa.

Mama yake alizoea kusimulia kwamba uzazi wa mtoto huyu ulimtesa kuliko wa wengine wote. "Wenzake walitoka mbio," alisema. "Huyu alisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akatoka." Alikuwa akisema hivyo hata mbele ya wageni, na marehemu alikuwa akiinama na kucheka chinichini.

Alianza shule ya msingi Januari 1974. Njia ya kwenda shuleni ilipita barabara ya kiwanda, yenye malori na vumbi, na kazi yake kila asubuhi ilikuwa kumvusha mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na ndiye anayewasomea. Hakumshika mkono kama kaka wengine. Alitangulia mbele, na kila alipotaka kukata kona alinyoosha mkono, wa kulia au wa kushoto, kama askari wa barabarani. Alifanya hivyo barabarani, akafanya hivyo uchochoroni, mpaka ndani ya nyumba akitoka chumbani kwenda jikoni.

"Unamwonyesha nani?" mdogo wake alimuuliza siku moja, amekereka, maana wenzao walikuwa wanawacheka.

"Nakuonyesha wewe. Si unanifuata?"

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari mwaka 1984. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani na hakuwahi kuwa wa mwisho. Baada ya hapo aliingia chuo cha ufundi kusomea magari, na mwaka 1986 akaajiriwa katika gereji moja karibu na soko la mbao. Huko ndiko alikokutana na fundi wa injini ambaye mpaka leo anaitwa Grisi, na ambaye yuko pale nyuma, ameegemea ukuta, amegoma kukaa. Walikuwa chanda na pete. Grisi alikuwa mtu wa papara, wa kufungua injini kwanza na kuuliza baadaye. Marehemu alikuwa wa kuzunguka gari kwanza, akalitazama pande zote, ndipo aombe spana.

Mwaka 1989 aliacha gereji akawa mwalimu katika shule ya udereva, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2021. Kama una leseni na unaishi mji huu, yawezekana kabisa kwamba ulikaa kando yake katika gari lile dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, ukatoka jasho, ukalia, ukazima gari katikati ya makutano huku watu wanapiga honi, naye akakuambia, "Taratibu. Wote hao nao walifundishwa." Hakupandisha sauti. Wanafunzi walisema ni afadhali angegomba, kwa sababu akinyamaza ulijua umefanya jambo baya sana.

Kulikuwa na kosa moja tu lililomfanya asimamishe gari. Mwanafunzi akikata kona bila kuwasha indiketa, marehemu alikanyaga breki yake, gari likatulia pembeni, kisha akaanza.

"Umekata kona."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hukuwasha."

"Lakini Mwalimu, nyuma hakuna mtu."

"Umejuaje, na macho yako yote yako mbele?" Kisha husema yale maneno ambayo wengi wenu mnaweza kuyasema pamoja na anayesoma hapa: "Indiketa si yako. Wewe unajua unakokwenda. Indiketa ni ya anayekufuata."

Mwaka 1990 aliletewa mwanafunzi aliyemshinda. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mapazia, binti mwenye ulimi mkali na miguu isiyoelewana. Katika somo la kwanza aliligonga bango la shule yenyewe ya udereva, likaanguka juu ya boneti. Alishuka, akasema, "Sirudi tena hapa hata kwa dawa," akaenda zake kwa miguu. Hakugundua kwamba kiatu chake kimoja kimebaki chini ya klachi. Marehemu alimfuata na kiatu mkononi kupitia mitaa mitatu, kwa mwendo wake uleule wa taratibu, na watu wakidhani ni muuza viatu. Alipomfikia alimwambia, "Hujamaliza somo." Yule binti akajibu, "Basi nifundishe kitu kingine."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1992. Huyo ndiye mjane wake, na ndiye wifi wa huyu anayewasomea. Mawifi hawa wametaniana miaka yote kuhusu kiatu hicho na hawakujua kwamba siku moja wangekosa nguvu ya kukitaja. Marehemu na mke wake walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mke wake hakuacha kumwita Mwalimu, hata chumbani, na kwa miaka mingi hakugusa tena usukani. Mtu aliyefundisha mji mzima kuendesha alikuwa na mke anayekwenda sokoni kwa miguu. Watu walipomcheka alisema tu, "Mganga hajigangi."

Sasa tuingie kwenye habari za Jumamosi, ambazo wengine wenu mmezisikia juu juu na hamkuziamini.

Mwaka 2016 Grisi alimshawishi aende kwenye mbio. Kwa wasioujua, mchezo huu si ule wa magari kusukumana na kupinduka. Nje ya mji kuna uwanja wa ndege ulioachwa, lami yake bado nzima. Wanapanga koni, zile za plastiki za barabarani, wanachora njia yenye kona nyingi, gari linaingia peke yake, na dereva anashindana na saa. Akitoka, anaingia mwingine. Wanaoshiriki ni watu wa kawaida wenye kazi zao, na magari mengine ni yaleyale yanayopeleka watoto shule siku ya Jumatatu. Anayeshinda hapati kitu, labda kupigiwa makofi. Mwenye kasi kuliko wote alikuwa mama mmoja muuza matairi, rafiki wa Grisi, ambaye kila mtu anamwita Mama Matairi, na akikaa nyuma ya usukani usingedhani ana wajukuu.

Mke wa marehemu aliposikia alisimamisha cherehani. "Wewe? Umewaambia watu taratibu miaka yote hii, na wewe sasa unakwenda kukimbia?"

"Nataka kuona tu."

"Kuona kunahitaji helmeti?"

Maana alikuwa ameshika helmeti ya kuazima, ameificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Mke wake aliandamana naye siku hiyo kwa nia moja tu, kumrudisha nyumbani. Alisimama kwenye uzio, mikono kiunoni.

Marehemu aliingia na gari lile dogo jeupe, ambalo alikuwa amelinunua shule ilipoleta mengine mapya. Breki ya mwalimu bado ilikuwamo. Bendera ikashuka, akaondoka vizuri. Kona ya kwanza akawasha indiketa, akatazama kioo, akakata. Kona ya pili akawasha. Mahali ambapo koni mbili zilisimama zikielekeana kama makutano ya barabara, alisimama kabisa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, ndipo akaendelea. Mtu wa saa aliiweka saa mezani akafuta machozi kwa kicheko. Alipotoka, Mama Matairi alikuwa amekaa chini.

"Mwalimu," alisema, "ulikuwa unampisha nani? Ndege?"

"Huu si uwanja wa ndege?" alijibu. "Je, ikitua?"

Jina la Indiketa alilipata hapo hapo. Akajifunza kutosimama, akajifunza kufunga breki kwa kuchelewa na kutoka kwenye kona akiwa na kasi, na wenzake wanasema alikuwa na mkono mtulivu sana. Lakini indiketa hakuiacha. Kila kona aliwasha, na kila kuwasha kulimpotezea muda, na kila Jumamosi alimaliza katikati. Grisi alimsihi, akamgombeza, akafikia kutishia kuing'oa. Mke wake naye, ambaye siku hizo alikuwa hakosi tena, amejikalia juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mshono mapajani, alimuuliza siku moja, "Huko ndani uko peke yako. Nani anakufuata?"

"Wewe. Si uko hapo kwenye uzio?"

Mke wake aliinamia mshono wake. Lakini tangu siku ile hakuwa akiangalia gari. Gari lilimtisha, lilipiga kelele, liliinama kwenye kona kama linataka kulala ubavu. Alikuwa akiangalia ile taa ndogo ya njano. Ikiwaka, moyo wake ulitulia, akarudi kwenye mshono wake mpaka kona inayofuata. Miaka minane walikwenda hivyo. Ilikuwa miaka mizuri, na ni haki kusema hapa kwamba marehemu alikuwa na furaha.

Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, marehemu aliwashinda wote.

Aliingia kama kawaida, na tangu kona ya kwanza watu walianza kuinuka kwenye viti. Alikuwa anakata kona bila kupunguza, anapita karibu na koni mpaka zinatikisika, na hakuwasha indiketa hata mara moja. Grisi alirukaruka. Mama Matairi alipiga kelele, "Leo ameamua! Leo ameamua!" Alipotoka, mtu wa saa alisoma muda mara mbili, na Mama Matairi mwenyewe alikuwa ameachwa nyuma. Walimtoa garini wakambeba juu juu, wakamvisha taji la waya wa breki. Kuna picha ya siku hiyo. Ni ile iliyoko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na anayecheka kuliko wote ni Grisi.

Marehemu hakucheka. Alisema, "Mbona mnashangilia hivyo? Nimekwenda kama siku zote."

"Leo umeacha kuwasha!" Grisi alimwambia. "Nilikwambia nini?"

"Niliwasha," alisema marehemu. "Niliwasha kila kona."

Walicheka tena. Wakadhani ni utani. Yeye alirudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayeshtakiwa, "Niliwasha, jamani." Basi Grisi akasema kama ni hivyo kuna hitilafu kwenye gari, na kwa kuwa anampenda, Jumatatu yake alilivuta mpaka gereji. Akabadilisha balbu. Akabadilisha fyuzi. Akafungua usukani wote, akafuata waya mmoja mmoja mpaka nyuma, na kila kitu kilikuwa kizima. Wiki mbili alilitibu gari lile. Grisi, ndugu yetu, anayewasomea anakuambia mbele ya watu wote: hukukosa. Ulifanya unachokijua, kwa mtu unayempenda. Hakuna aliyeona zaidi yako ila mmoja.

Huyo mmoja alikuwa kwenye ndoo yake ya rangi, ameshika sindano, wakati watu wakishangilia. Alingoja taa kona ya kwanza, haikuwaka. Akangoja ya pili. Ilipofika ya tatu alisimama, mshono ukaanguka kwenye vumbi, na hakuuokota. Grisi alipokuja nyumbani kusema kwamba bado anatafuta hitilafu, alimkuta mlangoni.

"Shemeji, rudisha gari," alimwambia. "Gari halina kitu. Mwenye kitu ni yeye."

Tarehe 8 Julai 2024 daktari aliwaketisha na kuwaambia kwamba kuna uvimbe kwenye ubongo, mahali pabaya, na kwamba umekuwapo kwa muda. Alieleza kwa upole na bila kuficha. Uvimbe huo ungechukua kwanza nguvu za mkono wa kulia, ule wa kuwashia indiketa, ambazo ulishaanza kuzichukua, kisha maneno. Marehemu aliuliza swali moja tu: "Nisiendeshe tena?" Daktari akasema asiendeshe tena. Alitoa funguo mfukoni, akazitazama, akamkabidhi mke wake ambaye hajui kuendesha. Walirudi kwa miguu.

Alifanyiwa upasuaji mwezi wa Agosti na ukapatikana unafuu wa wiki chache. Katika wiki hizo mawifi hawa wawili waliona jambo lililowaumiza kuliko ugonjwa: marehemu hakutaka kuuzungumzia. Wageni wakija anasema anaendelea vizuri. Watoto wakipiga simu anasema anaendelea vizuri. Mke wake alistahimili, akastahimili, mpaka mchana mmoja, pasi mkononi, mapazia ya watu yamejaa sebule nzima, uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, mimi niko nyuma yako," alisema. "Unanisikia? Niko nyuma yako na huniambii kitu. Sitaki kuambiwa na daktari. Sitaki kusoma kwenye uso wa nesi. Siku ukijua unakata kona, niambie wewe. Usiniache nikikisia."

Alikuwa tayari anatafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Mwishowe akasema, "Nitawasha."

"Niahidi."

"Nitawasha."

Kesho yake alimwambia mkewe avae viatu vya kubana, visivyochomoka mguuni. Akamweka kwenye kiti cha dereva cha gari lile jeupe, yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti chake cha zamani, mguu juu ya breki ya mwalimu. Mama wa watu, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alilia kabla hata ya kuwasha injini. Wakaanza upya somo walilolikatiza mwaka 1990. Waliendesha kwenye barabara ya nyuma ya shule, saa za masomo, pasipo na watoto. Siku za mwanzo alimwelekeza kwa maneno. Kisha neno klachi likampotea, akawa anaita "ile ya kushoto". Kisha kushoto nako kukapotea. Kufikia Oktoba alikuwa hana ila kidole cha mkono wake mzima: akikiinua, simama, akikilaza mbele, endelea, akigonga kwenye dashibodi, washa indiketa. Mkewe alisema hajawahi kumwelewa vizuri kama katika siku hizo.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2024, Grisi na Mama Matairi waliwaomba wenye uwanja wawape raundi moja. Mjane wake, ambaye siku hiyo alikuwa mke wake bado, aliingia kwenye njia ya koni akiwa na helmeti ya kuazima, gia ya pili tangu mwanzo mpaka mwisho, na mumewe kando yake amefungwa mkanda. Aliwasha kona ya kwanza. Aliwasha ya pili. Aliangusha koni moja akaiomba radhi kwa sauti. Mtu wa saa alisimamia saa yake kama kawaida, uso mkavu, na hakuna aliyecheka. Kona ya mwisho machozi yalimziba macho akasahau, na kidole kikagonga dashibodi. Akawasha. Walipomaliza kona hiyo waliona kwamba magari yote yaliyokuwa kwenye foleni, ya rangi zote, yamewasha indiketa, yote upande mmoja, yanawaka na kuzimika.

Ulikuwa muda mrefu kuliko wowote uliowahi kusomwa pale. Mama Matairi aliinamia dirishani, kope zimelowa, akauliza, "Mmepisha ndege ngapi leo?" Marehemu alicheka. Alicheka kweli, kwa sauti, na wote waliokuwapo wanashukuru kwamba walikisikia kicheko hicho, kwa sababu kingine hakikuja.

Januari kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, kando ya cherehani, ili mkewe afanye kazi akiwa karibu naye. Katikati ya mwezi alikata kauli. Macho yalibaki yakifuata watu, halafu nayo yakachoka. Watoto walikuja, wakakaa, wakaimba zile nyimbo za kitoto alizowafundisha garini. Mkewe aligeuza kiti cha cherehani ili asimpe mgongo, na kila alipoinua macho kwenye pindo alikitazama kile kidole. Hakusema anangoja nini. Wifi yake alijua.

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mchana, mke wake alikuwa akikunja pindo la pazia la mteja. Mdogo wake, huyu anayewasomea, alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Kidole kikatikisika juu ya blanketi. Kikagonga. Kikatulia, kikagonga tena, taratibu, kama kawaida yake. Mdogo wake aliruka akisema, "Anataka maji," akakimbilia jikoni. Cherehani ikanyamaza. Kutoka jikoni alimsikia wifi yake akisema kwa sauti ambayo haikutetemeka, "Nimeona, Mwalimu. Nimeiona. Kata tu, mimi niko nyuma."

Aliporudi na kikombe, kaka yake alikuwa ameshaondoka. Wifi yake alikuwa amekishika kile kidole kwa mkono mzima, kama mtoto anavyoshika kidole cha mtu mzima barabarani. Kikombe kile cha maji bado kiko dirishani. Hakuna aliyeweza kukimwaga.

Inauma. Tusidanganyane hapa kwa maneno ya kufariji. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, hakuwahi kumgonga mtu, hakuwahi kumharakisha mtu, na tulimhitaji. Mdogo wake ameishi maisha yake yote akiutazama mkono ule mbele yake ili ajue wapi pa kukata, na leo hajui aangalie wapi. Lakini ahadi aliyomwahidi mkewe aliitimiza, akiwa hana sauti, hana nguvu, hana kitu chochote isipokuwa kidole kimoja. Wako wenye afya na midomo yao wanaoondoka kwa wenzao bila kuaga.

Marehemu ameacha mjane, binti yake ambaye ni nesi, na mumewe, mwanawe wa kiume aliyeko chuoni, mjukuu mmoja wa kike anayenyoosha mkono akitaka kukata kona (na hakuna aliyemfundisha), kaka mkubwa wa marehemu, dada yake, mdogo wake wa kiume, na mdogo wake huyu, Grisi, Mama Matairi, wenzake wote wa Jumamosi, na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu, wanaokata kona za mji huu kila siku.

Muda mfupi ujao tutaondoka kwenda makaburini. Gari lililombeba litatangulia. Nyuma yake litafuata gari dogo jeupe, na anayeliendesha ni mjane wake. Amekataa kuendeshwa, na leseni yake aliipata wiki tatu zilizopita. Msimpigie honi, atakwenda gia ya pili. Kwenye kona ya geti la makaburi tunawaomba nyote muwashe, hata aliye wa mwisho kabisa, hata kama anadhani nyuma yake hakuna mtu.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Tuliokufuata tumeiona.